Karakana Moja, Namba Tatu

Shuleni tulifundishwa kwamba umoja ni nguvu. Mwalimu alisahau kutuambia kwamba nguvu nayo hutozwa kodi.

Karakana ya Baba ilikuwa chumba kimoja kirefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Mbele, upande wa barabara, yalikaa makochi yaliyokwisha, yamefunikwa nailoni yasipate vumbi. Katikati palikuwa na meza ya kukatia vitambaa na mashine mbili za kushonea, ufalme wa Dada. Nyuma kabisa, penye msumeno na harufu ya mbao mbichi, Kaka aliunda viunzi, na jioni akitoka huko kope zake zimejaa unga wa mbao utadhani kaangukia gunia la ngano. Mimi, kitindamimba, niliyemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo nyumbani hazitajwi mbele ya wageni, niliendesha pikipiki ya matairi matatu: kuleta sponji, kupeleka makochi.

Na Baba alikuwa kila mahali. Alitembea toka nyuma hadi mbele, mikono mgongoni, akigonga. Anakigonga kiunzi kwa kifundo cha kidole, anainamisha sikio kama daktari, kisha anasema mguu wa kushoto urudiwe. Kaka atabisha, atafungua huku akinung'unika, na mguu wa kushoto utakutwa umelegea. Hakuna kochi lililotoka pale bila kugongwa likiwa mifupa, likagongwa likiwa na mikanda, likagongwa tena likishavaa. Mimi nilikuwa nikisema kwamba Baba angekuwa mganga wa viungo, mji mzima ungekuwa unatembea wima.

Mambo yaliharibika kwa sababu yalikwenda vizuri. Hoteli moja iliagiza kwetu makochi ya kumbi zake zote, na mwaka ulipofungwa Baba akaitwa ofisi ya kodi akaelezwa kwamba amevuka mstari. Chini ya mstari ule, mfanyabiashara mdogo analipa kiasi kidogo cha mkupuo, anakwenda zake. Juu yake unatakiwa kuleta hesabu zilizokaguliwa, unatozwa sehemu ya faida, unakuwa mtu mkubwa. Baba alirudi nyumbani na ukubwa wake, akakaa sebuleni bila kuvua viatu. Mama alimuuliza kama kuna aliyekufa. Akajibu kwamba bora kifo, maana hicho hakiji kila mwaka.

Mama akamwita kaka yake.

Mjomba alikuwa karani katika ofisi ya wahasibu kwa maisha yake yote ya kazi, na alizisoma sheria za kodi kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Nilimbatiza Waziri wa Fedha, naye badala ya kukasirika akaanza kutembea kama waziri. Niseme mapema: Mjomba hakuwa tapeli. Angekuwa tapeli tungemtukana tukapona. Alichosema kilikuwa kweli tupu, neno kwa neno.

"Shemeji," alimwambia Baba, "kukwepa kodi ni kosa. Kupanga kodi ni akili."

Akaeleza. Nani kasema hii ni biashara moja? Pana seremala anayeuza viunzi. Pana fundi wa vitambaa, ananunua viunzi, anavivika, anauza makochi. Pana msafirishaji. Hao ni watu wazima watatu, kila mmoja na namba yake ya mlipakodi, kila mmoja chini ya mstari. Tena urithi unakuwa umeshagawanywa baba angali hai, na watoto hawatashikana mashati msibani. Ila kuna sharti, na hapa alinyanyua kidole: mgawanyo uwe wa kweli, kwa sababu sheria haipendi maigizo. Msumeno uwe mali ya Kaka. Dada awe na mita yake ya umeme. Kaka amuuzie Dada kiunzi kwa risiti. Na zaidi ya yote, asionekane mtu mmoja anayewaamuru wote watatu. Akionekana huyo tu, ofisi itaziunganisha biashara na kudai yote, faini juu.

Sote tukamgeukia huyo mtu mmoja.

Baba aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Kesho yake alitia saini kila alipoonyeshwa, akasema yeye alianza kwa kuajiriwa na watu wakali, sisi angalau tutaanza na chetu. Aliisema kwa furaha. Siwezi kumsingizia kwamba alilazimishwa.

Kaka akasimamisha kuta mbili za plaiwudi, akatoboa mlango wa pembeni kwa ajili yake na mwingine kwa ajili ya Dada. Mimi nilipata kona ya mbele yenye upana wa pikipiki na mtu mwembamba. Nikaandika juu yake kwa chaki, Makao Makuu. Baba aliwekewa benchi nje, chini ya baraza.

Kisha Mjomba akaanza kutufanyisha mazoezi kama mwalimu wa maigizo, yule yule aliyesema sheria haiyapendi. Dada alijifunza kulalamikia bei ya viunzi. Kaka alijifunza kukataa kumkopesha. Mimi nilijifunza kumdai dada yangu nauli ya kuvusha kochi barabara, jambo nililolipata bila shida. Aliyeshindwa somo ni Baba. Alikaa kwenye benchi, msumeno ukinyamaza huko nyuma alikuwa akinyanyuka mwenyewe, miguu ikampeleka, na angekuwa ameshaingia kwa Kaka kidole kimekunjwa tayari kugonga ndipo Mjomba akohoe. Kilikuwa kikohozi maalumu, kikavu, cha heshima. Baba akikisikia alirudi nje. Mjomba asipokuwapo, Dada alikohoa. Baada ya muda hata mke wa Kaka, aliyekuja tu kuleta chai, alikijua.

Afisa kodi alikuwa msichana mpole mwenye viatu vya kutembelea. Alikagua chumba hadi chumba bila haraka. Kwa Kaka aliuliza bei inapangwa vipi, Kaka akajibu kama mtu aliyezaliwa peke yake. Kwa Dada aliuliza ananunua wapi viunzi, na Dada akasema ananunua hapo jirani ingawa jirani mwenyewe ni ghali na hasikii. Afisa akacheka. Aliniuliza mimi kama biashara inalipa, nikamwambia inalipa kama ndoa, kwa kusubiri. Akacheka tena, akaandika. Alipotoka akamkuta Baba barazani.

"Na wewe mzee," aliuliza, "unafanya kazi kwa nani hapa?"

Baba aliitazama milango mitatu, mmoja baada ya mwingine.

"Sina kazi hapa, mwanangu. Napumzika tu."

Msichana akamtakia mapumziko mema, akaenda. Tulifaulu. Mjomba alituma soda, tukazinywa tumesimama katikati ya barabara kwa sababu hapakuwa tena na chumba cha kututosha sote. Yule aliyepumzika aliishika chupa yake hadi ikapata joto.

Kumbe ukilisema neno mara nyingi, sikio lako nalo linakusikiliza. Dada alikuwa analalamikia bei kwa sababu alifundishwa, lakini baada ya wiki kadhaa akakaa, akalinganisha, akaona kweli ni ghali. Akaomba apunguziwe. Kaka akasema mbao zimepanda. Dada akasema mbao zimepanda kwa kila mtu, mbona wengine wanauza nafuu. Kaka akamwambia basi aende kwa hao wengine, na alisema vile ambavyo watu husema kwenye familia, akijua mtu haendi.

Dada alikwenda. Na aliyembebea viunzi vya watu baki kutoka huko hadi mlangoni kwake ni mimi, na njia inapita mbele ya mlango wa Kaka. Alikuwa amesimama pale, msumeno umezimwa. Nilimtania kwamba viunzi vyake nimeviletea wake wenza. Hakujibu. Kaka ni mtu anayegombana hata na misumari. Akinyamaza ujue kuna kitu kimevunjika ambacho gundi haikishiki.

Makochi yakaanza kulia. Mteja anakalia kochi jipya, linatoa sauti ya panya. Anarudi nalo. Dada anasema ni kiunzi. Aliyeuza kiunzi anasema ni namna lilivyovutwa mikanda. Wote wakikosa la kusema wanasema lilitikiswa njiani. Zamani kochi bovu lilikuwa letu, na aibu yake tuliila pamoja na ugomvi ukaisha kabla ya chakula. Sasa lilikuwa na wasemaji watatu na halikuwa la mtu. Baba alilisikia likilia toka kwenye benchi. Nilimwona akiinamisha sikio. Aliujua mguu. Hakuusema.

Kaka alikuwa na vyumba vyake uani kwetu, yeye na mkewe, lakini tulikula kwa Mama tangu enzi. Mkewe akanunua jiko. Mama alitangaza kwamba yeye hana namba ya mlipakodi, mwenye njaa aje. Aliendelea kupika sufuria ile ile kubwa kwa muda mrefu, chakula kikilala, hadi siku moja akaishusha ile ndogo bila kumwambia mtu. Dada, aliyeolewa mitaa ya juu, akaacha kupitia jioni.

Hoteli haikurudi. Ilisema kwa adabu kwamba makochi machache iliyoyaongeza baadaye si kama ya kwanza. Ikafika mahali mauzo yetu wote watatu, ukiyarundika na kuyapandia juu, hayaufikii ule mstari hata ukirukia. Yaani mgawanyo wenyewe haukuwa tena na kazi. Ungeweza kufutwa kesho na hakuna ambaye angetozwa zaidi. Baba hakusoma sana lakini hilo alilipigia hesabu vizuri, na Jumapili moja akatuita sote, Mjomba akiwamo.

"Vunjeni kuta," alisema. "Kodi ikija nitalipa. Nikishindwa, nifungwe mimi. Nirudishieni karakana."

Alisema kwa sauti ya chini, mikono magotini, na ndipo nilipoona kwamba anaomba. Sijawahi kumwona akiomba kitu.

Kaka alianza. Alisema hana kinyongo, ambayo ni sentensi ya wenye kinyongo. Alikuwa amechukua mkopo, akauweka msumeno rehani. Msumeno ukirudi kuwa wa wote, deni nalo litakuwa la wote, na yeye hawezi kumbebesha mtu anayenunua viunzi kwa wageni. Dada aombe radhi kwanza, mengine baadaye.

Dada alimwangalia Baba, si Kaka.

"Baba, nimekushonea tangu mashine ikinifika kidevuni. Ulinipa hela ya sabuni. Leo benki wananiita kwa jina langu. Nikirudi kwako nitakuwa nani?"

Baba alifungua mdomo. Nilitamani apate jibu. Ningemnong'oneza kama ningekuwa nalo, maana mimi majibu huwa sikosi, lakini lile lilikuwa swali la haki, na Baba ni mtu wa haki, kwa hiyo akaufunga.

Mimi nilisema nakubali, kuta zivunjwe. Walinitazama kama bata aliyejitolea kuchangia maziwa. Kona yangu ikiunganishwa inaunganishwa na nini?

Akabaki Mjomba. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akaeleza kwamba kisheria hakuna cha kurudisha. Baba alitoa, wakapokea, kwa hiari. Kila mmoja akitaka kumpa Baba chake, atakuwa anahamisha mali, na kuhamisha mali nako kuna malipo yake.

Baba akacheka. Hakikuwa kicheko cha kukalia karibu.

"Shemeji, mimi nina nini? Kisheria."

Mjomba hakujua kudanganya, na hapo ndipo nilipomchukia kidogo.

"Huna deni, shemeji. Hudaiwi na mtu yeyote."

Ndio ushauri mkamilifu wa kodi, ukitaka kuuchukua: usiwe na kitu. Hata ofisi ikutumie watu kumi, watarudi mikono mitupu na watakuonea huruma. Mama alinyanyuka akaondoa vikombe, vingine bado vimejaa. Kaka alitokea mlango wa uani, Dada ule wa barabarani.

Baada ya hapo Baba aliendelea kuja kazini. Sijui niiteje. Asubuhi alivaa shati lake la kazi, akakaa barazani, wateja wa zamani wakimsalimia fundi, naye akiitikia kwa mkono. Kwa Kaka msumeno ulinguruma mara moja moja. Dada alifungua kwa kuchelewa. Nilijaribu kumchekesha Baba kwa visa vya barabarani, na alicheka pale pale panapostahili, kwa adabu, kama unavyocheka nyumbani kwa watu.

Hadi alipokuja mwalimu mstaafu mmoja na kunikodi nikamchukulie kochi lake. Lilikuwa la watu watatu, mikono mipana, kazi ya Baba ya zamani sana, kabla sijazaliwa. Mikanda ilikuwa imechoka na kati pamebonyea, basi. Nililishusha barazani. Mwalimu alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia mkewe kafia kwenye kochi lile, kalala tu mchana hakuamka, na watoto wanataka litupwe. Yeye hataki. Anataka likae vizuri, aendelee kulikalia.

Baba alipitisha kiganja kwenye mgongo wa kochi. Dada akatoka, akalipima kwa macho, akataja bei ya kitambaa na mikanda, ila akasema hawezi kugusa kabla kiunzi hakijakaguliwa. Kaka akatoka, akataja bei ya kukikagua kiunzi, ila akasema halifungui kochi lililovaa, livuliwe kwanza na mwenye kazi ya kuvua. Wakataja hayo mbele ya mwalimu bila kutazamana. Mwalimu aliwasikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi asiyesoma, kisha akamgeukia Baba.

"Fundi, si wewe ulilitengeneza?"

"Ni mimi."

"Basi lirekebishe wewe."

"Sina pa kuliweka," Baba alisema.

Mwalimu aliipapasa mikono ya kochi. Halafu akaniuliza mimi, kwa upole, kama namjua yule Fundi Miwani wa nyuma ya soko. Nilimjua. Baba na Fundi Miwani walinyang'anyana wateja miaka na miaka, na salamu zao zilikuwa za misibani tu. Nikalipandisha kochi tena. Kaka alinisaidia upande mmoja. Hilo nalitaja kwa sababu kochi lile lilikuwa mzigo wa mwisho tuliobeba pamoja.

Nilipowasha pikipiki nikahisi inalemewa. Nikageuka. Baba alikuwa amepanda nyuma, amekaa kwenye kochi, katikati pale palipobonyea, magoti yamemjia karibu na kidevu. Nilimwambia leseni yangu ni ya mizigo, hairuhusu abiria.

"Endesha," alisema.

Tulipita mjini hivyo. Watu walitucheka, na wana haki: mzee mzima ameketi kwenye kochi barabarani kama mfalme anayehamishwa. Siku nyingine ningepiga honi niwaongezee raha. Dada alikuwa amesimama mlangoni kwake tulipokata kona.

Fundi Miwani alitoka akijifuta mikono, akaona kochi, akamwona aliyelikalia, akaniuliza kama nimeleta mzigo mmoja au miwili. Baba alishuka mwenyewe, akaenda kusimama naye pembeni, wakaongea. Sikusikia. Nilimwona Baba akiongea na yule mwingine akitikisa kichwa, kisha akikuna shingo, kisha akinyoosha kidole kwenye pembe ya mwisho ya karakana yake, karibu na choo. Vijana wawili waliokuwa wakishona walisogeza marobota ya vitambaa kupisha nafasi.

Baba alilipindua kochi miguu juu, akaazima kisu, akaanza kuchana kitambaa cha chini. Alifanya haraka, kama mtu mwenye njaa aliyejizuia mbele za watu. Fundi Miwani akaja na daftari lake akamwuliza amwandike nani, maana yeye kwake kila kibarua huandikwa, hataki matatizo na watu wa kodi. Baba alimtajia majina yake matatu polepole, moja moja, bila kunyanyua macho kwenye kochi, kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

Nilizunguka zunguka pale. Nilijifanya nakagua tairi. Mwisho nikamwuliza nije kumchukua saa ngapi.

Baba hakugeuka. Aliyenijibu ni Fundi Miwani, na wala hakuwa na ubaya, alikuwa anaeleza tu utaratibu wa kwake.

"Kazi inaisha jioni," alisema, "lakini vibarua hufagia kwanza."